Kirusi, Virusi, Hasidi

Dada yangu alipoileta ile kompyuta mpakato alikuwa ameipakata kweli, tangu alipopanda daladala mpaka aliposhuka, kwa kuwa begi lake lilikuwa limefumuka mshono. Aliiweka mezani akasema, "Mdogo wangu, ina virusi. Imekula kazi zangu zote." Kazi zenyewe ni mitihani ya kidato cha pili na alama za wanafunzi za miaka mitatu.

Nilimwuliza inafanya nini hasa. Akanitajia mambo manne. Inachukua dakika nyingi kuwaka. Inastaki kila anapofungua faili mbili kwa pamoja. Kwenye kona ya chini ya skrini hujitokeza ujumbe kwamba kompyuta imeingiliwa na virusi vitano. Na flashi aliyokwenda nayo steshenari kuchapisha mitihani haina tena mafolda yake. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimkatiza katikati ya maelezo: ni virusi, ipigwe Windows upya.

Mambo manne, jibu moja. Neno lililobeba jibu hilo ndilo nitakaloanza nalo, maana naamini lilikuwa karibu kumpotezea dada kazi zake.

Kiswahili kililipokea virusi kwa namna ninayoipenda sana. Katika Kilatini, virus ni neno la umoja, na maana yake ilikuwa sumu. Lilipofika kwetu lilivaa irabu mwishoni kama maneno mengine ya kigeni, lakini sikio la Mswahili likasikia kitu kingine mwanzoni: vi-, kama ya vitu na viatu. Basi likaingizwa kwenye ngeli hiyo na kuzaliwa umoja wake, kirusi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kitabu, ambacho ki- yake katika Kiarabu ni sehemu ya neno lenyewe, na sisi tukaigeuza kiambishi na kupata vitabu. Leo tunasema virusi vya Ukimwi, virusi vya korona, na mtu husema "kompyuta imeingiwa na virusi" bila kuhisi kwamba ametumia neno la kukopa.

Upande wa kompyuta jina hili lina mwanzo unaojulikana. Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alifanya majaribio yake mwaka 1983 na kuyaandikia makala mwaka uliofuata. Aliyempendekezea jina la virusi ni mwalimu wake, Leonard Adleman. Cohen alilipa jina hilo maana iliyobana: programu inayoingia ndani ya programu nyingine na kuacha humo nakala yake, ili nayo iende kuambukiza. Kujinakili huko ndiko kunakoifanya iwe kirusi. Isipojinakili inaweza kuwa mbaya mara mia, ila kirusi siyo.

Mwaka 1986 kikaonekana kirusi kilichoitwa Brain, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC. Kilijificha katika sehemu ya diski laini inayosomwa kompyuta inapowaka. Kilitoka Lahore, Pakistani, kwa ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, na ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka lao na namba za simu. Walisema walikusudia kuilinda programu yao ya mambo ya tiba isinakiliwe ovyo. Kwa hiyo kirusi cha kwanza cha kompyuta hizo kilikuja kikiwa na saini ya wenyewe. Nalitaja hili kwa makusudi, nitalirudia.

Zikaja na aina nyingine ambazo jina la virusi halizienei. Kuna mnyoo, unaosafiri wenyewe kwenye mtandao bila kubebwa na programu nyingine. Tafsiri yetu imepata bahati njema hapo, kwa sababu wazo lenyewe lilitokana na riwaya ya John Brunner ya mwaka 1975, na alichokitaja humo ni tegu, mnyoo wa tumboni hasa. Kuna programu inayojifanya zawadi ili uifungulie mlango. Kuna inayopeleleza, na kuna inayofunga faili zako na kudai kikomboleo. Palihitajika jina la ukoo mzima. Kwa Kiingereza, Yisrael Radai wa Israeli anatajwa kuwa ndiye aliyeliunda neno malware mwaka 1990, kwa kukata nusu ya neno lenye maana ya nia mbaya na kuiunganisha na nusu ya neno la programu.

Kwetu yamejitokeza majina mawili yanayoshindana, programu haribifu na programu hasidi. Haribifu linaeleweka upesi, na sishangai kwamba waandishi wa habari hulitumia. Kasoro yake ni kwamba linataja matokeo, na matokeo hayo mara nyingi hayapo. Programu inayoiba neno la siri haiharibu chochote. Inayotumia kompyuta yako usiku kuchuma sarafu za kidijitali inataka mashine iwe nzima kabisa. Anayesubiri kuona kitu kimeharibika ndipo aamini ameingiliwa, atasubiri huku anaibiwa.

Hasidi ni neno la aina nyingine. Limetoka kwenye mzizi mmoja na husuda na kuhusudu, na kwanza kabisa ni neno la mtu. Wapo wanaolipinga kwa hoja nzito: husuda ni kijicho, na mwandishi wa programu hizi hamwonei kijicho mwalimu wa sekondari, anatafuta fedha. Ni kweli. Lakini katika Kiswahili kinachozungumzwa, hasidi ameshavuka mpaka wa kijicho. Ni yule anayekutakia mabaya na hujamkosea. Kanga zimeandikwa "Hasidi hana sababu" tangu zamani, na anayeivaa hamaanishi wivu peke yake. Dada aliponiuliza, "Mimi nimemkosea nani?" alikuwa ameshika kiini cha neno hilo kuliko kamusi.

Angalia pia sarufi. Programu ni ile ile katika umoja na wingi, na hasidi limekaa nyuma yake kama mzinga kwenye bata mzinga, bila kubadilika. Ila mazungumzo yakikolea, neno programu huanguka na hasidi hubaki peke yake, na hapo kitenzi hubadilika chenyewe. Virusi vimeingia, hasidi ameingia. Ile a- ndiyo sababu yangu kubwa ya kulitetea. Virusi ni vitu, huja kama mafua, na mtu huuliza dawa. Hasidi ni nafsi, na mtu huuliza ameingilia wapi, anataka nini, amejificha wapi. Nyuma ya kila programu ya namna hii yupo mwandishi, hata kama siku hizi hakuna anayeacha anwani ya duka lake kama wale ndugu wa Lahore.

Sasa nirudi mezani. Kitenzi tunachotumia kwa kazi hii, kutatua, ni kinyume cha kutata, kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga. Uzi uliotatana hautatuliwi kwa kukata bonge zima. Kupiga Windows upya bila kuuliza ni kukata bonge zima, na mitihani ya dada ilikuwa ndani ya bonge hilo.

Kwa hiyo kwanza nilinakili nyaraka zake kwenye diski ya nje, nyaraka tupu, bila programu yoyote. Kisha nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili nione kinachoendelea ndani. Kompyuta yenyewe ina RAM ya GB 4 na diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Matumizi ya diski yalikuwa asilimia 100 na hakuna kilichofunguliwa. Nilikuta programu mbili za kuua virusi, moja juu ya nyingine, zote zikikagua faili zile zile kwa wakati mmoja. Dada alikuwa ameongeza ya pili baada ya ile ya kwanza kushindwa kuondoa ujumbe wa kwenye kona. Hii ndiyo hasara ya kufikiri kwa lugha ya ugonjwa: dawa isipofaa, unaongeza dozi. Nilipoondoa moja na kuzuia programu kadhaa zisijiwashe zenyewe, kuwaka na kustaki kulipungua sana. Kilichobaki ni uzee wa diski, na uzee huo dawa yake ni diski ya SSD.

Ule ujumbe wa virusi vitano haukutoka kwenye kompyuta kabisa. Siku fulani, kwenye tovuti fulani, kivinjari kilimwuliza kama anaruhusu arifa, naye akabonyeza ruhusu. Tangu hapo tovuti hiyo ikawa na haki ya kumtumia maneno yoyote, nayo ikachagua kumtisha ili anunue programu. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, nikaifuta. Haikufika dakika moja. Hapakuwa na kirusi wala programu ya kuondoa, ila hasidi alikuwepo, na alikuwa amepewa ruhusa.

Kwenye flashi ndipo palipokuwa na kitu kinachojinakili kama kirusi. Wanaofanya kazi steshenari wanakijua vizuri: mafolda yanatoweka, na mahali pake panabaki njia za mkato zenye majina yale yale, kila moja ikiwa na kimshale pembeni na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Mafolda hayajaliwa. Yamefichwa, kwa kupewa alama ambayo Windows huyapa mafaili yake ya ndani. Ukibofya njia ya mkato, folda linafunguka kama kawaida, na papo hapo kirusi kinaingia kwenye kompyuta. Kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo itapatwa na yale yale. Ndiyo maana ni kazi bure kusafisha flashi kabla ya kompyuta.

Nilianza na kompyuta, tena nikiwa nje ya Windows. Ndani ya Windows 10 kuna ukaguzi wa Microsoft Defender unaozima mfumo, kuwaka kivyake na kukagua diski huku mfumo umelala. Huchukua kama robo saa. Hasidi anayewaka pamoja na Windows anaweza kuidanganya programu inayomtafuta, na mlinzi aliyekwisha kuhongwa haulizwi habari za mwizi. Ukaguzi ulipata faili mbili. Moja ndiyo iliyokuwa ikizalisha zile njia za mkato. Nyingine ilikuja na programu ya kuvunja leseni, ambayo maelekezo yake, dada alikiri, yalimtaka azime ulinzi kwanza.

Baada ya hapo nikachomeka flashi na kuandika amri moja, attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, na mafolda yakarudi moja baada ya jingine. Alama za miaka mitatu zilikuwemo zote. Dada alinyamaza kwa muda, akayafungua moja moja kuhakikisha. Nikamwomba abadilishe maneno yake ya siri kwa kutumia simu, maana faili ile ya pili sikujua imekaa humo tangu lini wala imeona nini.

Hiyo kompyuta haijamaliza safari yake, ila njia imekuwa nyembamba. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya umri wake haikubaliwi na Windows 11. Tumekubaliana nimnunulie SSD na kumwekea mfumo wa Linux likizo ijayo.

Kabla hajaondoka aliomba kalamu na kipande cha plasta. Akanunua flashi nyingine kwenye duka la jirani, akarudi, akaibandika ile ya zamani plasta na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: YA STESHENARI TU.