Oili nzito si tiba ya injini kuukuu: Mfano wa Datsun 240Z

GARI aina ya Datsun 240Z halihitaji kutambulishwa kwa Mkenya aliyefuatilia mbio za Safari Rally miaka ya sabini. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka wa 1971, na mnamo 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia ufanisi huo. Tangu 2003, mashindano ya East African Safari Classic yamekuwa yakiyarejesha magari ya enzi hiyo katika barabara za vumbi. Hata hivyo, kwa mwenye gari kama hilo ambaye hashindani na mtu, swali linalomtatiza si la kasi bali la oili: atie nzito au nyepesi kiasi gani?

Kukosea ni ghali. Gari hili lilianza kuundwa mwaka wa 1969, na anayetafuta beringi au kamshafti ya injini yake ya silinda sita katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hawezi kutarajia wepesi anaoupata mwenye Toyota.

Imani iliyoenea katika gereji nyingi ni kwamba kadiri gari linavyozeeka ndivyo oili inavyopaswa kuwa nzito. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imeharibu injini si haba.

Kwanza, nambari zilizo kwenye mkebe. Ni vipimo vilivyowekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Katika oili ya 20W-50, nambari inayotangulia herufi W huonyesha jinsi oili inavyojimudu katika baridi. Nambari ya pili huonyesha uzito wake injini ikishapata moto, kipimo kikichukuliwa katika nyuzijoto 100. Katika joto hilo, oili ya daraja la 30 huwa na mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 hufika hadi 16.3, na ya 50 hukaribia 21.9. Tofauti kati ya 30 na 50, basi, si ndogo. Ni kama uji wa mgonjwa na uji wa kushibisha.

Kipimo cha baridi cha daraja la 20W huchukuliwa katika nyuzi 15 chini ya sufuri. Hakuna gereji ya Limuru wala Nyahururu inayofikia baridi hiyo, sembuse Mombasa. Kwa hivyo dereva wa Kenya hana sababu ya kulipia oili ya 0W kwa kuogopa barafu. Hilo halimaanishi kwamba nambari ya kwanza haina kazi kabisa: asubuhi ya Julai Nairobi, oili ya 10W hufika kwenye kamshafti mapema kuliko ya 20W, na dakika ya kwanza baada ya kuwasha ndiyo injini husagika zaidi.

Oili huzuia vyuma kugusana kwa kujenga utando mwembamba kati ya krankishafti na beringi zake. Injini za leo zimeundwa kwa nafasi finyu na pampu zinazolingana na oili nyepesi kama 0W-20. Ile ya 240Z haikuundwa hivyo. Ikitiwa oili hiyo, presha hushuka injini ikiwa moto na utando hukonda hadi chuma kikagusa chuma. Wanaojigamba kwamba wanalipa gari la zamani oili ya kisasa kabisa huwa wanalidhulumu.

Upande wa pili una hatari yake, na huu ndio usioeleweka. Oili nzito kupita kiasi hupandisha mshale wa geji, naye mwenye gari akafurahi. Lakini presha si mtiririko. Maji hayapiti kwa wingi katika mpira uliobanwa hata kama yanasukuma kwa nguvu. Presha ikizidi, vali ya pampu hufunguka na kuirudisha sehemu ya oili bila kufika inakohitajika. Isitoshe, msuguano ndani ya oili yenyewe huzaa joto na kula petroli.

Kwa injini ya 240Z iliyo nzima, 10W-40 au 15W-40 yatosha kwa safari za Nairobi na nyanda za juu. Kwa anayeishi Pwani, anayekwenda safari ndefu za joto, au mwenye injini iliyosagika kiasi, 20W-50 ni chaguo la busara, na ndiyo rahisi kupata madukani. Kuvuka hapo hadi daraja la 60 ni jambo la kuachiwa wenye mbio.

Uamuzi usifanywe kwa kubahatisha. Gari liendeshwe nusu saa hadi oili, si maji pekee, ipate moto. Kisha presha isomwe. Mafundi wengi hufuata kanuni ya pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Geji ya kwenye dashibodi ya gari la umri huu si ya kuaminiwa. Fundi afunge yake.

Presha ikiwa chini, oili ichunguzwe kabla ya kubadilishwa kwa nzito zaidi. Kijiti kikinuka petroli, tatizo liko kwingine. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, na kabureta isiyorekebishwa humimina petroli kupita kiasi. Nayo huteremka kandokando ya pistoni na kuizimua oili. Moshi wa samawati nao una lugha yake. Ukitoka injini inapowashwa tu baada ya kulala, sili za vali zimechoka. Ukitoka gari linapopanda mlima, shuku ringi za pistoni.

Uzito peke yake hautoshi. Kamshafti ya injini hii husuguana moja kwa moja na vyuma vinavyosukuma vali, na hukingwa na viungo vya zinki na fosforasi. Kiwango cha API SM cha mwaka wa 2004 kiliweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 katika madaraja mepesi kama 5W-30, ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi kwenye egzosi za magari mapya. Kikomo hicho hakigusi 20W-50, sababu nyingine ya kuipendelea.

Anayenunua gari la aina hii ana neno la ziada la kuzingatia. Oili nzito ni hila kongwe ya kunyamazisha injini inayogonga na kupunguza moshi kwa siku chache. Muuzaji akikuta mnunuzi ameomba kuliendesha gari nusu saa, kisha liachwe linguruma mahali pamoja huku boneti ikiwa wazi, geji na sauti vitasema yaliyofichwa.