Kutu kwenye ekzosi ya gari la zamani: Rangi pekee haitoshi

Manifodi ya ekzosi ni miongoni mwa vipuri vya gari vinavyoshambuliwa mapema na kutu. Hata hivyo, ni kipuri kinachoweza kurejeshwa katika hali nzuri kwa gharama ndogo, endapo kazi itafanywa kwa mpangilio na si kwa kufunika kutu kwa rangi.

Jambo hilo lina umuhimu wa pekee kwa wenye magari ya zamani katika maeneo kama Ilagala, wilayani Uvinza mkoani Kigoma, karibu na mahali ambapo Mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huleta unyevu na matope, na chumvi, ambayo Uvinza imekuwa ikiizalisha kwa karne nyingi, huongeza kasi ya kutu inapogusa chuma chenye maji. Aidha, vipuri vya gari kama Land Rover Series III, ambalo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1985, havipatikani katika kila duka.

Manifodi hufungwa ubavuni mwa injini ili kupokea moshi wa kila silinda na kuupeleka kwenye bomba la nyuma. Katika magari mengi ya zamani hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho ni kinene na huweza kustahimili kutu ya juu kwa miaka mingi, lakini hupasuka kwa urahisi.

Nchini Marekani, wapenzi wa magari yenye injini kubwa, kama Pontiac GTO ya mwaka 1964, mara nyingi huondoa manifodi ya aina hiyo na kuweka mabomba yaliyokunjwa, kila silinda na lake, ili moshi utoke kwa wepesi. Mabomba hayo ni membamba, hivyo kutu huyatoboa mapema zaidi.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Kwa upande wa ekzosi, maji hayatoki nje peke yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji. Gari linalofanya safari fupi halipati joto la kutosha kukausha mvuke huo, hivyo maji hubaki ndani ya bomba.

Historia ya Kigoma inatoa mfano mzuri wa kuzuia kutu. Mwaka 1916, wakati Wajerumani wakirudi nyuma kutoka mji huo, mafundi wa meli Graf von Götzen walizipaka injini zake grisi nzito kabla ya kuizamisha kwa makusudi katika Ziwa Tanganyika. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza tena safari kwa jina la Liemba.

Hata hivyo, njia hiyo haifai kwa ekzosi. Grisi, oili chafu au mafuta ya mawese huzuia unyevu kwenye chuma baridi, lakini kwenye manifodi ya moto huungua, hutoa moshi na huweza kuwasha moto.

Hatua ya kwanza ni kukagua kama manifodi imepasuka au kutoboka. Mlio wa kugonga injini inapowashwa ikiwa baridi, pamoja na masizi meusi karibu na gasketi, ni dalili za kuvuja. Ekzosi inayovuja hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kupenya kwenye matundu ya sakafu ya gari na kuua walio ndani. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu safarini visipuuzwe.

Ufa hauzibwi kwa rangi. Kuchomelea chuma cha kalibu kunahitaji kukipasha joto kwanza, kutumia vijiti vyenye nikeli na kukiacha kipoe polepole. Vinginevyo hupasuka upya pembeni mwa kiungo. Aidha, bomba lenye madini ya zinki, kama yale ya maji, lisitumike kama kiraka. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Sentigredi, na moshi wake wakati wa kuchomelea husababisha homa.

Boliti zilizoshikwa na kutu zilowekwe mafuta ya kulainisha usiku kucha kabla ya kufunguliwa, kwani kulazimisha huzikata ndani ya injini. Gasketi za magari ya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Hivyo zilowanishwe maji, ziondolewe taratibu na zisisagwe kwa grenda.

Baada ya manifodi kufunguliwa, kutu yote iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, au kwa kupuliziwa mchanga maalumu pale penye mashine. Fundi avae miwani ya kinga na barakoa. Kutu iliyobaki kwenye vishimo huweza kulainishwa kwa siki au asidi ya fosforiki, kisha chuma kisafishwe kwa maji na kukaushwa mara moja, kwa sababu chuma kilicho wazi huanza kupata kutu upya ndani ya saa chache.

Mafuta yaliyobaki yafutwe kwa thina, mbali na moto. Baada ya hapo, manifodi isishikwe kwa mikono mitupu, kwani hata jasho la vidole huzuia rangi kushika.

Rangi ya kawaida ya gari huungua mapema kwenye manifodi. Inayohitajika ni rangi ya silikoni inayostahimili nyuzi 600 au zaidi, ipakwe nyembamba mara mbili au tatu. Tabaka nene hupasuka na kubanduka.

Rangi hiyo haikamiliki hadi ipate joto kwa hatua. Utaratibu unaotumika sana ni kufunga manifodi kwa gasketi mpya, kuwasha injini bila kuendesha kwa dakika 10, kuizima ipoe, kuwasha tena kwa dakika 20, kupoza, kisha dakika 30. Kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi kwa sababu ya moshi wa rangi. Maelekezo yaliyo kwenye kopo yafuatwe pale yanapotofautiana na utaratibu huo.

Wapo wanaozungushia ekzosi kitambaa cha kuzuia joto. Kitambaa hicho hushika maji ya mvua na kuyabakiza kwenye chuma, hivyo huharakisha kutu kwa gari linalopita kwenye matope.

Baada ya matengenezo, ni vema gari liendeshwe mara kwa mara hadi ekzosi yote ipate joto, na matope na chumvi vioshwe ekzosi ikiwa imepoa. Maji baridi yakimwagwa kwenye manifodi ya moto huweza kuipasua, na kazi yote ikaanza upya.