Mohamed Husen (1904–1944)

Mohamed Husen, aliyezaliwa kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed na anayetajwa katika vitabu vingi kama Bayume Mohamed Husen, alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, mhudumu wa melini, mwalimu wa Kiswahili na mwigizaji wa filamu mjini Berlin. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akafariki katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kati ya tarehe hizo mbili aliwahi kuidai serikali ya Ujerumani mara kadhaa kile alichoamini ni haki yake kama mwanajeshi mstaafu, na kila mara alirudi mikono mitupu.

Baba yake alikuwa efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi hilo, naye alikuwa na asili ya Sudan. Askari Wasudani walikuja pwani mwaka 1889, pale Hermann von Wissmann alipowaandika mamia kule Misri ili awatumie kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Vita vilipokwisha wengi walibaki, wakaoa, wakajenga, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili. Katika nyumba za namna hiyo jeshi lilikuwa kazi ya ukoo, kama uvuvi au useremala ulivyo kwa wengine. Mahjub alijifunza Kijerumani angali mdogo, na Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na miaka 10. Aliwekwa upande wa ishara na mawasiliano, kazi ambayo mtoto mwepesi wa miguu na macho aliiweza.

Kikosi chao kilikuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akirudi kusini hatua kwa hatua mbele ya majeshi ya Uingereza. Oktoba 1917 pande mbili zilikutana Mahiwa, bara ya Lindi, katika moja ya mapigano yaliyoua watu wengi kuliko yote ya vita hivyo. Waliouana hapo kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika: askari wa Wajerumani upande mmoja, Wanigeria na askari wa King's African Rifles upande wa pili. Mahjub alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza, na alikaa mateka hadi vita vilipokwisha. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia eneo la Wareno. Askari wake wengi hawakuwa wamelipwa mishahara. Walichobaki nacho ni vyeti na ahadi.

Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Waingereza, kijana huyo alitafuta riziki baharini. Alifanya kazi za utumishi melini, na katikati ya miaka ya 1920 akawa mhudumu katika meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyounganisha bandari za Afrika Mashariki na Hamburg. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda Berlin, na kuwasilisha dai katika Wizara ya Mambo ya Nje: alitaka malimbikizo ya mshahara wake mwenyewe na ya baba yake. Wizara ilijibu kwamba muda wa kuleta madai ulikwisha kupita.

Kadhia ya mishahara hiyo ilikuwa na mkia mrefu. Miaka 35 baadaye, mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai, na wazee wakakusanyika Mwanza kuchukua fedha. Wachache tu walikuwa na vyeti. Inasimuliwa kwamba mlipaji alimpa kila mzee ufagio, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Husen hakuwamo katika mstari ule. Alikuwa amekwisha kufa miaka 20 kabla.

Baada ya kukataliwa hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe karibu na Potsdamer Platz, ambako kila ukumbi ulipambwa kama nchi ya mbali na wafanyakazi weusi walikuwa sehemu ya mapambo. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, siku tatu kabla Adolf Hitler hajawa chansela. Machi mwaka huo walimpata mtoto wa kiume, Ahmed Adam, aliyebeba jina la babu yake; binti yao Annemarie alizaliwa mwaka 1936. Husen alikuwa pia na mwana mwingine, Heinz Bodo, aliyezaliwa na mwanamke mwingine wa Kijerumani, na Maria alikubali kumlea pamoja na wake. Ni jambo ambalo wake wengi wa zama zile, Berlin au Kariakoo, wasingelifanya kwa moyo mweupe. Ahmed na Annemarie walifariki wakiwa bado wadogo, na baba yao hai.

Nyumba hiyo ilihitaji kula, na milango ya kazi ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1935 Husen aliondolewa Haus Vaterland. Alichobakiwa nacho ni lugha. Berlin ilikuwa na mapokeo marefu ya kufundisha Kiswahili: Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa mwaka 1887, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa amefundisha hapo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, ambaye naye alioa Mjerumani na kufia Ujerumani. Husen alishika nafasi ya msaidizi wa lugha chini ya Diedrich Westermann. Mwalimu wa aina hiyo hakuwa na hadhi ya profesa. Kazi yake ilikuwa kutamka ili wengine wasikie na kusahihisha matamshi yao. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwa watumishi na polisi waliotarajia kupelekwa Afrika siku makoloni yatakaporudishwa.

Marejeo hayo ya makoloni Husen aliyaunga mkono waziwazi. Alihudhuria mikutano ya vyama vya kikoloni akiwa amevaa sare ya askari, na alishiriki katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho ya kuzunguka yaliyowapa ajira Waafrika wa Ujerumani kwa sharti la kuchezea picha ambayo Wajerumani tayari walikuwa nayo vichwani. Si rahisi kumsoma hapa. Aliamini kwa dhati, kama wengi wa kizazi cha baba yake, kwamba kiapo cha askari hufunga pande zote mbili. Wakati huohuo sare ile ilikuwa ngao: mtu mweusi asiye na uraia, katika utawala wa Hitler, alihitaji sababu ya kuwepo kwake, na “askari mwaminifu” ndiyo sababu pekee iliyokubalika. Huenda yeye mwenyewe hakuweza kutenganisha imani na kinga.

Dai lake la pili kubwa lilikuwa la heshima. Mwaka 1934 serikali ilianza kutoa nishani kwa waliopigana mstari wa mbele katika Vita Vikuu vya Kwanza. Husen aliiomba. Alikuwa na haki yote: alipigana, alimwaga damu, alitekwa. Ombi lilikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Basi akajinunulia nishani dukani na kuivaa kifuani. Vita vipya vilipoanza mwaka 1939 alijitolea tena kuingia jeshini, akakataliwa tena.

Sinema ilimlipa vizuri zaidi kuliko jeshi. Kuanzia mwaka 1934, na filamu ya Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, alionekana katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi kama mtumishi, mpagazi au mlinzi asiyetajwa jina. Kubwa kati ya nafasi zake ilikuja mwishoni, katika Carl Peters ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Herbert Selpin. Peters ndiye aliyepita Usagara mwaka 1884 akikusanya alama za machifu kwenye mikataba, yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Hans Albers aliigiza kama Peters, na Husen akawa Ramasan, mfuasi wake mwaminifu.

Agosti mwaka huohuo Gestapo walimkamata. Kosa lilikuwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo watawala wa Kinazi waliliita kunajisi mbari. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kambi iliyojengwa Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, mwaka 1936, na alikaa humo miaka mitatu hadi kifo chake. Heinz Bodo, wa mwisho kati ya watoto wake, alikufa Berlin mwaka 1945.

Kwa miaka 60 jina lake halikutajwa sana. Katika mji alikozaliwa, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na inayoelekeza singe yake bandarini, iliwekwa kwa ajili ya waliotumikia upande wa Waingereza. Mwana wa efendi wa Kijerumani hana fungu lake hapo. Kumbukumbu yake ilifufuliwa na mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst, aliyechapisha wasifu wake mwaka 2007. Mwaka huohuo, mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, Berlin, liliwekwa jiwe la kumbukumbu kati ya yale ya msanii Gunter Demnig: kipande cha zege chenye uso wa shaba ya njano, sentimita 10 kwa 10, kilichofukiwa sawa na njia ya waendao kwa miguu, hata anayetaka kusoma jina sharti ainame. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya kumbukumbu, Majubs Reise. Aliitengeneza kwa vipande vya filamu za zamani ambamo Husen anapita nyuma ya waigizaji wakuu, na safari hii kamera inamfuata yeye.