Gesi asilia na nishati jadidifu: Mizani ya miji mitatu ya Marekani

Gesi asilia inapochomwa hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe katika kufua kiasi kile kile cha umeme. Kwa sababu hiyo watetezi wake huiita nishati ya mpito. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani. Ile inayovuja visimani na kwenye mabomba kabla ya kuchomwa huipasha joto angahewa mara zaidi ya 80 kuliko hewa ya ukaa, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20.

Louisville, Columbus na Buffalo, miji ambamo wamehamia Wasomali, Wakongo na Warundi wengi, imeupima uamuzi huo kwa njia tatu tofauti.

Louisville: Makaa yapisha gesi

Katika jimbo la Kentucky, makaa ya mawe yalikuwa ajira na siasa kwa wakati mmoja. Wakazi wa kusini-magharibi mwa Louisville walilalamika kwa miaka mingi kuhusu vumbi la majivu kutoka mtambo wa Cane Run, kando ya mto Ohio. Mwaka 2015 kampuni ya umeme ya mji huo iliacha kuchoma makaa hapo na kuwasha mtambo wa gesi wa takriban megawati 640.

Majivu mapya yakakoma, lakini gesi haikukoma kuongezeka. Novemba 2023, Tume ya Huduma za Umma ya Kentucky iliidhinisha mtambo mwingine wa gesi katika eneo la Mill Creek, pamoja na miradi ya jua na betri. Mtambo wa aina hiyo hujengwa ili udumu kwa miongo kadhaa, na gharama yake hulipwa na wateja.

Columbus: Kura na sheria

Novemba 2020, zaidi ya asilimia 70 ya wapiga kura wa Columbus waliunga mkono mpango wa mji kuwanunulia wakazi umeme wa nishati jadidifu.

Jimbo la Ohio lilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 2021 ilizipa kaunti uwezo wa kuzuia miradi mikubwa ya jua na upepo, ilhali hazina mamlaka kama hayo juu ya visima vya gesi. Januari 2023, Gavana Mike DeWine alitia saini sheria inayoitambua gesi asilia kuwa nishati ya kijani.

Fedha nazo zilikuwa na sauti. Spika wa zamani wa bunge la jimbo, Larry Householder, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Juni 2023 kutokana na hongo ya dola milioni 60. Hongo hiyo ilihusiana na sheria ya mwaka 2019 iliyolenga kunusuru vinu vya nyuklia na mitambo ya makaa kwa fedha za wateja.

Buffalo: Maji nayo yana bei

Umeme wa maporomoko ya Niagara uliwasili Buffalo Novemba 1896. Jimbo la New York limepiga marufuku upasuaji wa miamba kwa maji na kemikali ili kupata gesi, na sheria yake ya mwaka 2019 inalenga umeme usiotoa hewa chafu ifikapo 2040.

Lakini umeme safi haukupatikana bure. Kituo kikubwa cha Niagara, kilichoanza kazi mwaka 1961, kilihitaji bwawa lililomeza takriban hekta 220 za ardhi ya Watuscarora, moja ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1960 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua dhidi yao. Kinyume chake, mitambo ya upepo iliyosimikwa Lackawanna mwaka 2007 iliwekwa juu ya ardhi iliyochafuliwa na kiwanda cha chuma kilichofungwa.

Afrika Mashariki

Maswali hayo si mageni nyumbani. Mwaka 2013 wakazi wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu kadhaa walipoteza maisha. Nchini Kenya, jamii za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa jotoardhi wa Olkaria. Gesi ya Mtwara huchafua zaidi kuliko mvuke wa Olkaria, lakini kote kuwili malalamiko yalikuwa yale yale: wenye ardhi walitaka washauriwe kabla ya mradi kuanza, na wapate sehemu ya haki katika faida yake.