Kijito si Lazima Kiwe Tawimto

Watangazaji wengi huyatumia maneno haya mawili kama pacha. Hayalingani. Kijito hutaja ukubwa: ni mto mdogo, basi. Tawimto hutaja uhusiano: ni mto unaomwaga maji yake katika mto mwingine, uwe mdogo au mkubwa. Ruaha Mkuu ni tawimto la Rufiji, lakini nani atathubutu kuuita kijito?

Mto Ng'ombe wa Dar es Salaam unastahili majina yote mawili. Ni mwembamba, unapita Tandale na Mwananyamala, kisha unaungana na Msimbazi, ambao huyapeleka maji baharini karibu na Daraja la Selander. Ardhi huko ni tambarare, hivyo maji huenda polepole, hutuama, huacha mchanga na taka njiani. Msimbazi ukijaa, tawimto hukosa pa kumwaga, na maji hurudi majumbani. Ndiyo maana uhusiano una uzito zaidi kuliko ukubwa: kijito hicho hakifuriki kwa mvua yake peke yake.

Wapo wanaolikosoa neno "tawimto" lenyewe, wakisema tawi hutoka kwenye shina, ilhali maji haya huingia. Hoja ina mantiki, lakini lugha imekwisha kulipokea, na wanafunzi wa jiografia wanalielewa.

Basi, mwandishi wa habari za mafuriko, ukisema "kijito" tueleze pia kinaingia mto gani.