Macho Yaliyofumba

Niliposimama mbele ya kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, Butiama, alipozikwa tarehe 23 Oktoba 1999, sikuwa nikiwaza siasa. Nilikuwa nimetoka Musoma, ambako mjukuu wangu alikuwa amezaliwa njiti, mimba ikiwa ya wiki 26. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hata mishipa ilionekana, na kope zake zilikuwa zimeshikamana. Akina mama wa nyumbani walinong'ona kwamba ni kipofu. Muuguzi alisema tusubiri.

Mwalimu, kabla ya siasa, alifundisha baiolojia katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia mwaka 1946. Mimi pia nilifundisha somo hilo, baadaye sana. Nikajiuliza: kama mwanafunzi angemwuliza ngozi ya mtoto tumboni hujuaje kukua, na kope hujuaje siku ya kuachana, angejibu nini? Wakati ule hakuna aliyejua, si Tabora wala Ulaya.

Jibu lilianzia kwenye mayai ya kuku. Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia, alifungiwa milango ya chuo kikuu na sheria za ubaguzi za mwaka 1938. Akageuza chumba chake cha kulala mjini Turin kuwa maabara, akachunguza jinsi neva za vifaranga zinavyokua ndani ya mayai. Baada ya vita, akiwa Marekani, aligundua kwamba kuna kitu kinachotoka katika tishu na kuziamuru neva zikue. Mwenzake, Stanley Cohen, alipata kitu hicho katika tezi za mate za panya. Lakini alipowadunga watoto wa panya majimaji ya tezi hizo aliona jambo asilolitarajia: walifumbua macho baada ya wiki moja, badala ya wiki mbili hivi za kawaida. Mimi, nakiri, ningelipuuza. Cohen alilifuata, na mwaka 1962 akatangaza protini iliyolisababisha. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Ikabaki kujua seli huipataje amri hiyo. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba seli zina vipokezi, nazo ni protini zilizopenya utando wa seli, sehemu moja nje na nyingine ndani. Protini ya ukuaji ikinasa nje, sehemu ya ndani huamka na kupeleka habari hadi kwenye kiini, seli igawanyike. Mwaka 1995 wataalamu walizalisha panya wasio na kipokezi hicho: walizaliwa na ngozi dhaifu, macho wazi, ilhali panya wa kawaida huzaliwa wamefumba. Wengi hawakuishi. Kumbe kufumba nako ni hatua ya kukua. Kope za binadamu hushikamana mnamo wiki ya 10 ya mimba, na huachana karibu na wiki ya 26.

Niliporudi Musoma niliwaeleza akina mama. Hawakuniamini, wala siwalaumu. Siku ya 6 jicho la kushoto lilifumbuka, kesho yake la kulia, mama yake akiwa amemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi.

Aliishi siku 11. Bibi yake hadi leo hugombana na yeyote asemaye kwamba mtoto yule hakumwona.