Chuma Kilichopewa Sauti

Katika mji wa New York, baina ya mwaka 1962 na 1965, msanii Robert Rauschenberg, kwa kushirikiana na Billy Klüver, mhandisi wa maabara za Bell, aliunda Oracle, sanamu ya sehemu tano zilizotokana na takataka za mjini, ukiwamo mlango wa motokaa, fremu ya dirisha na beseni lenye maji. Ndani yake zilifichwa redio, na mtazamaji aliruhusiwa kuzungusha swichi akabadili sauti apendavyo, hata naye akawa mshirika wa kazi. Mwaka 1966 ushirika huo ulizaa jumuiya ya wasanii na wahandisi, Experiments in Art and Technology. Basi insafu yataka jina la fundi liandikwe sawia na la msanii.